Dole Gumba la Bi Riziki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa bado kijana, katibu wa mtaa wetu hapa Tanga. Sikuchaguliwa kwa elimu, maana niliishia darasa la saba. Walinipendea mwandiko tu. Sijui kama nitalieleza jambo hili sawasawa, lakini nitajaribu nisimpunje mtu.

Ilikuja barua kwamba serikali inatoa ruzuku kwa miji, watu wajengewe bustani na zile zilizochakaa zifufuliwe. Sisi tulikuwa na uwanja mtupu katikati ya nyumba. Hapo ndipo tulipofunga turubai za misiba na kuswalia jeneza, kwa kuwa nyumba zetu zimebanana na hazina ua. Masharti ya ruzuku yalikuwa mazuri, lazima niseme. Wananchi waitwe, waseme wanataka bustani ya namna gani, kisha muhtasari upelekwe pamoja na majina ya waliohudhuria. Nilipewa wiki mbili nikazichezea. Nilipozinduka zimebaki siku mbili, na nusu ya mtaa wako Kigombe harusini, mwenyekiti akiwemo.

Sasa sikia nilichofanya. Kabatini nilikuwa na karatasi ya siku tuliyogawa vyandarua. Watu waliandika majina, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, na juu niliacha nafasi ya kichwa, nikisema nitaandika baadaye. Nikaandika: Waliohudhuria Mkutano wa Bustani. Halafu nikatunga mkutano mzima, nani kasema nini, uzio, maua, viti vya saruji. Mwenyekiti aliporudi akaniuliza, "Mkutano mliufanya?" Nikamjibu, "Tuliufanya." Akatia sahihi kwa kuniamini.

Bustani ilijengwa na ikapendeza. Watoto walipata bembea. Sisemi ilikuwa mbaya.

Kisha akafa mume wa Bi Riziki, jirani yangu. Vijana wakabeba nguzo za turubai hadi bustanini, mlinzi akawazuia. Akaitwa afisa wa halmashauri, akaja na bodaboda, jalada kwapani. Alikuwa na adabu yake. Alitoa pole kwanza, ndipo akafungua jalada mlangoni kwa mfiwa.

"Wananchi wenyewe mlitaka uzio na maua. Hata mama mwenye msiba yumo, namba tisa, na dole lake hili."

Kijana mmoja akaropoka, "Ah, Bi Riziki! Kumbe ndiwe uliyetuuzia uwanja?"

Bi Riziki aliitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma. "Dole ni langu?"

"Lako, mama."

"Basi nilikubali. Kichwa kimezeeka, jamani, nisameheni."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, birika la kahawa mkononi. Nikageuka kumjazia mzee mmoja kikombe. Turubai ilifungwa barabarani, bajaji zikipita zikipiga honi, na wazee wakakaa ukingoni mwa mtaro wa maji machafu. Jioni nikaandika katika daftari langu: "Mvua kidogo. Msiba kwa Bi Riziki." Basi. Hata daftari langu mwenyewe nililificha ukweli.

Ungedhani yameishia hapo. Bi Riziki ndiye aliyekuwa akikumbuka watoto wote wa mtaa walizaliwa lini. Mtu akitaka cheti cha kuzaliwa, alikwenda kwake kwanza. Alipokuwa ndani ya eda alikuja mama mmoja kumuuliza habari ya mwanawe. Nilikuwepo, nimepeleka uji; alininyonyesha utotoni, sikuwa mtu wa kuepukwa edani. Bi Riziki akamwambia, "Msiniulize tena mimi. Kichwa hiki kilikubali bustani kikasahau." Nikaona anaigusa sufuria ya uji mara mbili, kama hana hakika ameshaifunika.

Pale nikashindwa. Yule mama alipotoka nikapiga magoti nikamweleza yote, vyandarua, karatasi, na ile nafasi niliyoacha juu. Akaondoa mkono kwenye sufuria.

"Kwa hiyo sijasahau?"

"Hukusahau, mama. Hukuulizwa."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. Nami nikadhani nimesamehewa. Kisha akasema, "Lakini mie niliaibishwa mlangoni, mbele ya watu. Wewe waniambia chumbani."

Nikaenda kwenye mkutano wa mtaa nikasema yote, na yule kijana aliyeropoka yuko mbele yangu. Walinizomea, na walikuwa na haki. Ukatibu nikaurudisha. Mkutano wa kweli ukaitwa, afisa akaja akasikiliza, na upande mmoja wa maua ukaondolewa ili turubai ipate pa kusimama. Ila maiti wa kwanza kuswaliwa hapo alikuwa mtu mwingine. Mume wa Bi Riziki aliswaliwa barabarani, na hilo sikuweza kulirudisha.

Basi, mwanangu, wewe uliyesoma kunishinda, ukipewa kalamu ya watu wengi, waite uwasikie hata kama muda umekubana. Afadhali ruzuku ikupite kuliko kumtia mtu maneno asiyoyasema. Na ukishakosea, toba yako ipeleke palepale alipovunjiwa mtu heshima, usiibanie chumbani kama nilivyotaka mimi.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kudanganya. Akuzeeshe na akili zako, na asitokee mtu wa kukufanya uzitilie shaka. Amina.