Picha Iliyomfukuza Binti Yangu

Mwaka 2016, msimu wa mvua, binti yangu alifukuzwa kwa mumewe kwa sababu ya picha.

Ilikuwa picha ya altrasaundi, mimba ikiwa changa. Mpimaji alisema ameona kama mpasuko kwenye mdomo wa juu wa mtoto, tusubiri kipimo cha mwezi wa tano wa mimba ndipo athibitishe.

Mama mkwe wa binti yangu hakusubiri. Alisimama pale kliniki, katikati ya mabenchi ya wajawazito, akapaza sauti.

"Mdomo wa sungura! Kwetu hakuna damu ya namna hiyo. Mzigo huu urudi ulikotoka!"

Binti yangu alijifunika uso kwa mtandio. Mumewe akashughulika kukunja karatasi za kliniki.

"Mkwe," nilimwambia mama yule, "maneno hayo utayarudisha hapa hapa."

"Labda nife kwanza, mwalimu."

Binti alihamia kwangu. Kila nilipompakulia, aliuliza lile lile: "Mama, mwanangu atakosa baba kwa sababu ya mdomo?"

Mwezi wa tano tulirudi. Mkwe naye alimfuata mwanawe, aje ashuhudie aibu yetu.

Daktari alithibitisha. Mdomo umepasuka, kaakaa bado halionekani vizuri. Hushonwa, alisema, na mtoto akala na kuzungumza.

Kisha akamkazia macho baba mtarajiwa, kwenye kovu lililojificha chini ya masharubu mazito ya kijana huyo.

"Kovu hilo ulilipataje, kaka?"

"Nilianguka ngazini utotoni. Mama ndiye aliyeniambia."

"Hebu panua mdomo."

Akammulika kwa tochi.

"Mshono umefika mpaka nyuma ya kaakaa. Ngazi gani hiyo iliyoingia humu?"

Yule kijana aligeuka polepole. "Mama?"

"Nilikukinga na midomo ya watu, mwanangu."

"Na mke wangu? Yeye ulimkinga na midomo ya nani?"

Nilimshika mkwe mkono, nikamtoa mpaka kwenye mabenchi. Yalikuwa yamejaa. Binti yangu na mumewe wakatufuata.

"Yarudishe maneno yako."

"Mwalimu, nitamwomba radhi nyumbani..."

"Nyumbani ndiko ulikomtukania?"

Akainamisha kichwa. "Damu ni yetu," alimnong'oneza binti yangu. "Nilijua. Nisamehe, mwanangu."

"Aliyemtukana mtu kwa kelele asimtake radhi kwa mnong'ono," nilimwambia. "Rudia."

Akarudia, hadi mlinzi wa getini akageuka.