Kadi ya Uso Wangu

Mama alianza kwa kusahau chumvi. Alisimama mbele ya kopo jikoni akauliza kile cheupe kinachotiwa kwenye mboga kinaitwaje. Tulicheka, naye akacheka. Baadaye akamsahau jirani tuliyechangia naye ua miaka yote, na hapo hakuna aliyecheka. Daktari alituambia ugonjwa huo haurudi nyuma. Labda, alisema, kile kilichobaki kinaweza kushikiliwa kidogo kwa kukirudiarudia.

Nilitoka hospitalini na wazo moja tu: asahau chumvi, asahau hata njia ya kanisani, lakini mimi asinisahau. Ubinafsi huo siuonei haya. Mimi ni mtoto wake wa pekee.

Taabu ni kwamba nafanya kazi Tunduru, kwenye mambo ya takwimu, na mama anaishi Songea mjini. Anayemuuguza ni mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye aliacha mahindi yake kijijini Maposeni akaja kukaa naye. Mimi nilikuwa natuma hela na kulia. Kulia kukanichosha, nikatafuta cha kufanya, na mtu wa takwimu akishikwa na hofu hana anachokijua zaidi ya data.

Nikanunua kishikwambi. Nikaweka humo programu ya kukariria, ile wanayoitumia wanafunzi. Inakuonyesha kadi yenye picha, unajibu, halafu unabonyeza kitufe. Kijani maana yake umekumbuka, na chekundu maana yake umesahau. Ukibonyeza chekundu, kadi inarudi papo hapo, na kesho inarudi tena. Ukibonyeza kijani, inasogezwa mbele siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi, kwa sababu unachokijua hakina haja ya kukusumbua kila asubuhi. Nilipiga picha kijiko, mwiko, kopo la chumvi, mlango wa choo. Nikapiga na watu: mama mdogo mwenyewe, jirani, padri wetu. Picha ya mwisho ilikuwa yangu mimi.

Kila asubuhi baada ya uji, wale dada wawili walikaa barazani, mmoja akionyesha na mwenzake akijibu. Anayebonyeza alikuwa mama mdogo. Jioni majibu yalinifikia Tunduru, nami nikayasubiri kama wengine wanavyosubiri tamthilia. Niliandika msimbo wa kompyuta wa kuyachambua: kila kadi na mstari wake, unapanda akikumbuka, unashuka akisahau. Nilikuwa nafungua mchoro huo hata kabla sijavua viatu.

Na mchoro ulinipa moyo, ndiyo maana naukasirikia mpaka leo. Mistari ya vitu ilikuwa inaporomoka. Kijiko kilishuka, mwiko ukashuka, chumvi ilishakwenda zamani. Lakini watu! Mistari ya watu ilipanda tu, na wa kwangu ukiwa juu kuliko yote. Hapakuwa na chekundu hata kimoja. Nilimwonyesha mwenzangu ofisini, nikamwambia tazama, mama anasahau vyombo, watu hasahau. Nilijigamba kabisa, mimi mtu mzima.

Simu nazo zilinidanganya. Nilipiga, nikasema shikamoo mama, akaitika marahaba. Habari za huko? Nzuri. Mvua je? Zipo. Haya, wasalimie wote. Salamu zetu mtu anaweza kuzimaliza zote kwa heshima na uchangamfu bila kujua anazungumza na nani. Hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Siku niliyogundua, nilikuwa nataka kukadiria ni kadi ipi itafuata kusahaulika. Nikaichukua safu moja ambayo sikuwa nimewahi kuitumia, ya muda unaopita kati ya picha kutokea na kitufe kubonyezwa. Kwenye vitu muda ulikuwa mfupi. Ama anajua, ama hajui, wanaendelea. Kwenye watu ulikuwa mrefu, na kwenye picha yangu ulikuwa mrefu kiasi kwamba nilidhani nimekosea msimbo. Nikaurudia mstari kwa mstari. Haukuwa na kosa. Muda wote huo mtu alikuwa anautazama uso wangu kimya, halafu kinabonyezwa kijani.

Kama karani wetu wa takwimu kijijini angeniletea majibu safi namna ile, ningemrudisha akahoji upya siku hiyo hiyo. Ya mama niliyapokea kwa mikono miwili.

Nikatazama tarehe ya kadi yangu kuonyeshwa tena. Kijani baada ya kijani, programu ilikuwa imeisukuma mpaka wakati wa mavuno, na mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanapaliliwa. Wiki baada ya wiki kijiko na mwiko vilikuwa vinamrudia mama kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimewekwa kando kwa sababu nafahamika mno. Nikalaza kichwa juu ya meza ya ofisi, na watu waliopita waliniona hivyo hivyo.

Niliomba ruhusa, kesho yake nikapanda basi la Songea. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali.

Mama mdogo nilimkuta uani anaanua nguo. Nilimwamkia, na kabla hajaniuliza habari za safari nikamuuliza kwa nini picha za watu hazina chekundu.

Alishangaa swali lenyewe. "Sasa nikibonyeza chekundu si ndiyo nimesema dada amekosa?"

"Ndiyo, mama mdogo. Ndiyo kazi yake."

"Kijiko sawa. Kijiko hata mimi nasahau nimekiweka wapi, tunacheka. Lakini mtoto wake wa kumzaa? Nimwambie dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, kwamba hamjui mtoto wake?" Alizikunja nguo ambazo bado zilikuwa na unyevu. "Akinyamaza mimi namsubiri. Namwachia nafasi. Asiposema kitu namwambia, ndiye huyo huyo, dada, umepatia. Anafurahi. Siku hiyo anakula."

Maneno yangu makali yote yalipotea. Hata mimi, tangu nizaliwe, sijawahi kumwambia mama kwamba amekosa. Kwetu mzazi haambiwi hivyo. Nilitengeneza kitufe ambacho hakuna mtu mwenye adabu katika nyumba ile angeweza kukibonyeza, kisha nikakaa Tunduru nikichora mistari.

Tukaingia barazani. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, vidole vyepesi, havijasahau kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Karibu. Umetoka wapi na jua hili?"

"Tunduru."

Uso ukamchangamka. "Tunduru! Mwanangu yuko huko, serikalini. Mnaonana?"

Mama mdogo aligeukia ukutani. Mimi nilijikaza. "Tunaonana, mama."

"Mwambie aje," alisema. "Amekaa sana."

Nililia waziwazi, na yeye, kwa ukarimu wake wote, aliniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia sijafiwa. Nikakichukua kishikwambi, nikaitafuta kadi yangu nikairudisha mwanzo, nikamwekea mapajani juu ya kanga.

Aliitazama picha. Akanitazama mimi. Akaitazama tena, na muda ule ule niliousoma kwenye safu ukaanza kupita, sasa nikiwa nimekaa ndani yake. Nilisikia maharage yakiteleza kwenye ungo. Nilimwomba Mungu, nasema kweli, nilimwomba kama mtoto.

"Si ni wewe huyu," alisema mwishowe. "Mgeni wetu wa Tunduru."

Kidole cha mama mdogo kilishafika kwenye kijani. Nikaushika mkono wake, nikausogeza taratibu. Nikabonyeza chekundu.

Kishikwambi kikalia mlio wake mfupi wa kosa. Mama aliinua macho. Alikuwa hajausikia mlio ule kwa sura ya mtu hata mara moja.

"Nimekosa?"

Mama mdogo alinitazama akitikisa kichwa, akiniomba nisiseme.

"Umekosa, mama," nikasema. "Huyo ni mwanao. Ni mimi."

Hakukasirika. Aliusogeza ungo pembeni, akajipangusa mikono kwenye kanga na kukishika kishikwambi vizuri.

"Basi nionyeshe tena," alisema.