Tangazo Lililotoa Vitanda Nje

Manukato nachanganya mwenyewe, kwenye chumba cha nyuma cha saluni pale stendi ya Kawangware 56. Mwaka huu niliamua yapate tangazo la maana, nikauza friji na makochi ili kulilipia.

Rafiki yangu, fundi wa kompyuta, alinieleza mpango. Tungerekodi bwawa la Silanga alfajiri, picha hiyo tuiweke kwenye skrini kubwa ya kanisa la jirani, kisha msusi wa saluni asimame mbele yake na gauni la satini. Kwenye kamera angeonekana yuko ukingoni mwa ziwa. Silanga ndiko anakoishi mama yangu, kwenye nyumba za mabati kando ya maji, anauza sukuma anazolima hapo hapo bwawani.

"Hizi mabati zinaharibu shot," rafiki yangu akasema. "Wacha nizitoe."

Akazifuta zote kwenye kompyuta, akapanda nyasi na maua. Nilipiga makofi, jamani! Tukamrekodi msusi, nikaweka kipande cha majaribio kwenye status ya simu yangu, bila maneno yoyote, nikaenda kupika chai.

Simu ya mama ilinikuta na kikombe mkononi.

"Kuja haraka. Tunabomolewa."

Nilipanda boda bila kuuliza bei. Nilifika Silanga. Nyumba zote zimesimama, lakini njia nzima imejaa vitanda, majiko, masufuria na magunia ya makaa. Jirani mmoja alikuwa juu ya paa lake aking'oa mabati mwenyewe, ayaokoe. Mama ameketi juu ya godoro, amekumbatia televisheni.

"Picha ya mradi wa kutuhamisha imetoka," akaniambia. "Iko kwa group ya simu ya ploti yetu. Si unajua wakishachora hivi, tingatinga haikawii?"

Akanionyesha simu. Ziwa, nyasi, maua, na msusi wetu akitembea kwa madaha, kama tajiri aliyekuja kuangalia kiwanja. Kuna mtu alikuwa amekitoa kipande changu kwenye status akakisambaza. Sijawahi kuogopa kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kama nilivyoogopa kile.

"Mama, hiyo si mradi," nikasema. "Ni tangazo langu. La manukato."

Jirani wa juu ya paa akashusha nyundo, akanitukana tusi ambalo sitaliandika. Mama hakunitukana. Alirudia kukitazama kipande chote, polepole, uso karibu na kioo.

"Hapa si kwangu?"

"Ni kwako."

"Na mbona ukatutoa?"

"Ili papendeze, mama."

Jibu lilinitoka kabla sijalizuia. Mama alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Kisha akanirudishia simu, akainama, akaanza kuburuta godoro lake kurudi ndani. Nilipolishika upande wa pili ili nimsaidie, aliniambia niliache.