Kasha la Mengineyo

Ofisini walimwita Bwana Lebo. Kwake hata kopo la chumvi lilibandikwa karatasi iliyoandikwa CHUMVI, na mkewe hakuchoka kumtania: "Siku moja utanibandika na mimi." Redio ilipomwajiri atengeneze programu ya kuhifadhi vipindi vya zamani, ilikuwa kama kumtia samaki majini. Kwa miezi sita alizipanga kanda elfu tatu kwa kusoma majalada tu. Nani ana muda wa kusikiliza? Michezo, afya, kilimo. Zilizokosa pa kwenda alizitia "Mengineyo".

Leo ilikuwa siku ya jaribio. Mkuu alishasema: Shangazi, aliyezitunza kanda hizo kwa miaka thelathini, akipata kipindi kimoja tu kwenye skrini, kesho kanda zenyewe zinatupwa.

"Tafuta chochote, Shangazi," alisema Bwana Lebo.

Akaandika kwa kidole kimoja: mama aliyecheka. Skrini ikajibu: Hakuna.

"Sivyo. Chagua kipindi, halafu mwaka..."

"Mwaka nitaujulia wapi, baba? Watu hawanijii na mwaka. Wananijia na 'ile siku mvua iligonga mabati mpaka mtangazaji akanyamaza'."

"Kompyuta haijui kicheko."

"Mimi nakijua." Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, akatoa kanda, akaitia mashineni.

Mkwaruzo. Kisha mwanamke, kwenye kipindi cha salamu: "Namsalimu mwanangu, ameanza shule leo, kiatu cha kulia kakivaa kushoto..." Hakumaliza. Alicheka, kicheko cha kupanda ngazi mbio, na mwishoni kikohozi kidogo.

Bwana Lebo alipigwa na butwaa. Kikohozi kile alikiuguza mwenyewe, hadi asubuhi kilipokoma. Miaka kumi na moja sasa. Hakujua kama mama yake aliwahi kupiga simu redioni.

Aligeuza jalada. Mgongoni, kwa mwandiko wake mwenyewe: MENGINEYO.

"Umemjua?" Shangazi aliuliza.

Mkuu akachungulia mlangoni. "Vipi, imefaulu? Niwaite wazoa taka?"

"Haijafaulu," alisema Bwana Lebo, jalada kifuani. "Haijafaulu hata kidogo."

Mlango ulipofungwa, alivuta kiti karibu na Shangazi.

"Niambie tena, polepole. Watu wanakujia na nini?"