Upande wa Pili wa Mawe Meupe

Katika kijiji chetu hakuna aliyeiheshimu sa, ile marufuku ya kutembea wakati wa sala ya jioni, kama Fuatino. Baragumu la kome likilia jioni kuita watu kwenye sala, hata kuku wake walikuwa wameshaingia. Aliwafukuza watoto wa watu barabarani kwa ufagio, na akimkuta mgeni anazurura, humkalisha palepale kwenye majani mpaka nyimbo ziishe. Vijana wanaolinda barabara saa hiyo walisema kama angekuwa mwanamume, wao wangekosa kazi. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndiye huyuhuyu aliyekuja kutozwa faini ya sa kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Alikuwa mjane, msukaji wa mikeka ya mkadi, ile laini inayochukua miaka kumaliza mmoja. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Uelese, kijana mwenye sauti ya pili nzuri katika nyimbo za kanisani na mikono myepesi kupita kiasi. Alipokuwa bado hajaota ndevu yeye na wenzake walivunja duka la Atapana, wakachukua bia na nyama za kopo. Baraza la kijiji likautoza ukoo nguruwe. Nguruwe hajamaliza kuliwa, kijana karudi dukani.

Safari hiyo aliyesimama barazani alikuwa Mulitalo, kaka yake Fuatino, matai wa ukoo wao, yaani msemaji wao na mlipaji wa faini zao zote.

"Nikimwonea huruma kwa kuwa ni mpwa wangu," alisema, "kesho mtanicheka. Faini haikumtisha. Afukuzwe, wengine waone."

Wanawake walimgeukia Fuatino. Naye, niseme ukweli, aliitikia kwa kichwa. Alidhani ni mwaka mmoja. Alidhani mtoto ataonja upweke kidogo, ataogopa, atarudi amenyooka. Uelese akaondoka na mfuko wa nguo, akavuka mawe yaliyopakwa chokaa mwisho wa kijiji, na tangu siku hiyo kukanyaga upande wetu ikawa kosa.

Sasa hebu mniambie, kijana asiye na ukoo atakaa na nani mjini? Alikaa na waliokubali kukaa naye. Wakamfundisha kuvunja vioo vya magari. Akafungwa, akatoka akiwa na marafiki wengi zaidi wa namna ileile, akafungwa tena muda mrefu zaidi. Kila mara Mulitalo alitikisa kichwa na kusema adhabu bado ni ndogo.

Na duka la Atapana je? Mwanzo lilikuwa na dirisha la mbao. Uelese alipofukuzwa likawekwa nondo. Baadaye nondo nene. Kisha wavu juu ya nondo, mpaka ukinunua sabuni unaongea na sauti tu, sura ya mwenye duka huioni. Fuatino alikuwa akisimama pale na kiberiti mkononi anaziangalia. Mwanangu hayupo, alijiuliza, hizi zote zinamzuia nani?

Alimkumbuka mtoto wake mno. Si kwa namna ya kulia mbele ya watu, hapana. Alipokuwa akisuka, vidole vilisimama vyenyewe basi lilipopita. Akipakua magimbi alipakua mengi mno, kisha akawapa mbwa kwa hasira. Lakini jioni ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote. Nyimbo za sala zilipoanza katika nyumba zote, yeye aliimba sauti ya kwanza peke yake, na pale ambapo Uelese angeingia alinyamaza kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge mlango. Majirani walisikia pengo hilo.

Jumanne moja Tavita, dereva wa basi, alipunguza mwendo mbele ya nyumba yake.

"Mama, mwanao katoka. Yuko hapo kijiji cha jirani kwa Sose, wifi yako. Lakini mume wa Sose kasema mwisho Jumapili, baada ya hapo hataki kumwona."

"Baada ya hapo anakwenda wapi?"

"Mjini, Mama. Kuna watu wanamsubiri." Tavita aliangalia usukani. "Unawajua."

Fuatino alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta anakuna nazi. Kwetu kaka hampandishii sauti dada yake, hata akiwa matai, kwa hiyo Mulitalo aliendelea kukuna, macho chini.

"Mwombee barazani, kaka. Kabla ya Jumapili."

"Kafungwa mara ngapi, dada? Hajakoma."

"Na hapa wamekoma?"

"Tukilegeza, kesho kila mtoto ataiba."

"Wanaiba sasa hivi! Nenda kanunue sabuni kwa Atapana, kama utauona mkono wa kukupa."

Mulitalo alitaka kucheka, akajizuia. "Siwezi," alisema. "Ni mimi niliyesimama. Nitasimama tena niseme nini?"

Alasiri ile Fuatino aliweka magimbi na majani yake yaliyookwa kwa tui kwenye kikapu, akaenda kwenye mawe meupe. Uelese, aliyepelekewa habari na Tavita, alikuwa amekaa upande wa pili. Amekonda, ana mchoro mbaya shingoni, na mvi mbili tatu ambazo mama hakutegemea kuziona kabla ya kuona wajukuu.

"Vuka, mwanangu."

"Sivuki, Mama. Watakutoza wewe."

Akampitishia chakula juu ya mawe. Alikula amelizungushia bakuli mkono, kama kuna mtu atamnyang'anya. Fuatino aliutazama ule mkono. Huyu alikuwa mtoto wa kugawia paka nusu ya samaki wake.

Baragumu likalia.

"Nenda, Mama. Sa hiyo."

"Naisikia."

Hakuinuka. Vijana wa ulinzi walikuja na fimbo zao, wakabaki wanatazamana. Mkubwa wao alikuna kichwa. "Mama Fuatino, hata wewe? Tafadhali rudi nyumbani."

"Nitozeni."

"Tutafanyaje, Mama? Sisi tunatumwa."

"Basi nitozeni. Na kesho nitakuwa hapahapa."

Baraza likatoza nguruwe, na mlipaji kama mjuavyo ni matai. Kesho yake Fuatino alikuwa pale. Baraza likaongeza faini, likasema mtu mzima kama yule lazima awe mfano. Siku ya tatu alikuwa pale, na kikapu kikubwa zaidi. Kijiji kilikuwa kinakula nguruwe katikati ya wiki kama kuna arusi, na wahuni wakawa wanamuuliza Mulitalo kama kesho wapike magimbi mengi au machache.

Jumamosi, baragumu limeshalia, Mulitalo alikuja mwenyewe kwa hasira, shuka imekaa vibaya.

"Dada, umenibakizia nguruwe jike mmoja na watoto wake! Unataka nini kwangu?"

Aliyejibu ni Uelese, kwa sauti ya chini, macho ardhini.

"Mjomba, nyimbo zimeanza. Kaa chini."

Na kweli zilikuwa zimeanza. Sa ikikukuta njiani unakaa palepale, awe mtoto awe matai. Mulitalo alitazama huku na huku, akaona vijana wa ulinzi wanamwangalia wakiwa hawajui la kufanya, akakaa kwenye majani karibu na dada yake. Fuatino alianza kuimba. Alipofika pale pa kunyamaza, akanyamaza, kwa mazoea tu.

Sauti ya pili ikaingia. Ilikuwa nzito sasa, na ilikwaruza, lakini iliingia mahali pake hasa.

Fuatino hakuweza kuendelea. Aliyeushika wimbo ni Mulitalo, ambaye hajui kuimba, na wakaufikisha mwisho yeye na mpwa wake, huyu huku, yule kule. Walipomaliza, Mulitalo alichuma majani na kuyatupa.

"Bado unaikumbuka sauti yako," alisema.

"Kule ndani niliimba kila jioni, mjomba. Saa hiihii."

Baragumu la kumaliza lililia. Mulitalo aliinuka taratibu, akajipangusa, akawaita vijana. "Kaandikeni na jina langu kwenye faini," aliwaambia. Kisha akamgeukia Uelese, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Kesho baada ya kanisa nasimama barazani. Wanaweza kukataa, usije ukasema nilikudanganya. Wakikataa, jioni nitakuja kukaa hapa na mama yako. Lakini wewe mjini usiende."