Saa Nne Asubuhi Hakuna Mtu Nyumbani

Kwa miaka mitatu nimekaa kwenye kamati inayopanga upya mtaala wa chuo chetu cha udaktari hapa Kericho, na mtu akiniuliza tumefanya nini muda wote huo, jibu la kweli ni kwamba tumekunywa chai. Chumba cha mikutano kina dirisha moja kubwa linalotazama shamba la chai, kwa hiyo mtu akichoka kusikiliza ana mahali pa kuweka macho. Mimi nimeliangalia shamba hilo sana. Ningeweza kulichora bila kulitazama.

Katika kamati hiyo mimi ndiye pekee asiye daktari. Nilisomea elimu ya jamii, nikapata shahada mbili, na ya tatu ikakwama kwenye sura ya nne, ambako iko hadi leo. Kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kuzungumza na mgonjwa: msalimu, mwambie wewe ni nani, muulize swali moja, halafu unyamaze. Hilo la kunyamaza huchukua muhula mzima. Mwalimu wa anatomia, mtu mnene mcheshi kutoka upande wa Kisii, aliniita Mwalimu wa Salamu siku ya kwanza tulipokutana, na jina likashika. Mimi nikamwita Bwana Mifupa. Tumeitana hivyo muda mrefu, hata wanafunzi wanajua.

Ugomvi wetu ulihusu wiki sita. Mtaala mpya ulipoanza kuandikwa, nilipigania wanafunzi wa mwaka wa tatu watolewe kwenye vyumba vya maiti na wodi, wapelekwe vijijini kwa wiki sita. Wangetembea nyumba kwa nyumba, waulize watu wanaishi vipi, wanakunywa maji gani, wanaugua nini na wanaficha nini. Tuliziita wiki za mashinani. Nilishinda, sijui vipi. Nadhani watu walikuwa na njaa na kura ilipigwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini wiki hizo sita zilikatwa kutoka kwa anatomia, na Bwana Mifupa hakusahau. Alidai baada ya mwaka mmoja wa majaribio nilete ushahidi kwamba zinafaa. La sivyo, zirudi kwake.

Kijiji cha majaribio nilikichagua mimi, kule Kimulot, karibu na msitu. Kwenye ripoti niliandika kwamba kinafaa kwa kuwa kiko mbali na hospitali kubwa. Sababu ambayo sikuiandika ni kwamba ni kwetu, mama yangu anaishi hapo, na nikienda kukagua wanafunzi ningekula kwake.

Ratiba pia niliitunga mimi, ofisini, nikiwa na kalenda na rula. Gari la chuo linaondoka alfajiri, wanafunzi wanafika, wanatembelea nyumba kuanzia saa tatu hadi saa sita, saa saba gari linarudi. Ilionekana vizuri sana kwenye karatasi. Niliongeza na sharti moja kali, maana niliogopa Bwana Mifupa angesema wiki zangu ni matembezi ya kupunga hewa: fomu yoyote yenye nafasi tupu haipati alama.

Mwaka ukaisha. Siku chache kabla ya kikao cha kuamua, nilibeba fomu zote nyumbani nikaanza kuzisoma Jumamosi moja ya mvua. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mno. Hakuna nafasi tupu hata moja. Kila nyumba ilikuwa na mtu mzima aliyekuwepo, aliyejibu yote, na kwa utaratibu ule ule wa fomu. Familia zote za kijiji kile zilikuwa zinachemsha maji. Nilianza kujisifu. Nilijimiminia kikombe kingine cha chai, nikasoma na kusema moyoni, tazama mtaala unavyofanya kazi.

Halafu nikafika kwenye nyumba ya pili baada ya kituo cha kununulia majani ya chai, yenye mlango wa bluu. Mjane, umri miaka sabini na zaidi, watoto watano. Choo cha shimo. Hana ugonjwa wowote wa kudumu. Hatumii dawa yoyote. Alihojiwa Jumanne, saa nne asubuhi.

Mlango huo wa bluu niliupaka rangi mimi. Na huyo mjane humeza dawa ya presha kila siku tangu nikiwa na nywele.

Nilimpigia simu.

“Mama, wanafunzi wangu walikuja kwako mwaka huu?”

“Walikuja. Watoto wazuri, wenye makoti meupe.”

“Uliongea nao?”

“Tungeongea saa ngapi? Mimi nilikuwa kwa majani. Niliwaona kwa mbali wamekaa pale kituoni kwenye benchi, wanaandika, wanaandika. Nikawapungia mkono. Wakanipungia.”

“Siku moja tu?”

“Kila siku. Nilisema, hawa watasoma, hawachoki kuandika. Lakini, lakwenyun, ni nani aliwaambia waje asubuhi?”

Lakwenyun ni mtoto wangu kwa Kikipsigis, na mama hulitumia neno hilo anaponihurumia.

“Ni mimi.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Saa nne kuna nani nyumbani? Umekaa Kericho ukasahau majani?”

Nilikuwa nimesahau majani. Nimelelewa na majani. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye majani, na nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaingia shambani umande haujakauka, tukifungwa karatasi ya nailoni kiunoni tusilowe, tukichuma hadi mchana, na baada ya hapo tunabeba hadi kituoni kungoja lori la kiwanda. Mtoto wa darasa la tatu kijijini angeniambia kwamba asubuhi utakuta mbwa na kuku. Ilihitajika mtu kama mimi, mwenye shahada mbili na sura tatu, kupanga kutembelea nyumba za wachuma chai wakati wa kuchuma chai.

Jumatatu nilimwita ofisini msichana aliyekuwa kiongozi wa kundi lile. Nilimwekea fomu ya mlango wa bluu mezani. Aliitazama, akakaa bila kuambiwa.

“Tulibisha hodi, mwalimu,” akasema. “Siku ya kwanza nyumba kumi na moja. Siku ya pili tukarudi. Siku ya tatu mtoto mmoja akatuambia watu wako kwa majani, tungoje. Lakini gari linaondoka saa saba.”

“Mngenipigia.”

“Tungekwambia nini? Ratiba ni yako.” Hakusema kwa ukali. “Na fomu yenye nafasi tupu haipati alama. Ulituandikia kwa herufi kubwa.”

“Mlijuaje ana watoto watano?”

“Karani wa kituo anajua kila mtu. Alitusaidia. Magonjwa ndiyo hakuyajua.”

Nilimwuliza kama anajua sheria ya chuo kuhusu kughushi. Alijua. Ni kufukuzwa, yeye na wenzake wanne. Aliuliza kama aanze kufungasha vitu, na aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua imeisha. Nikamwambia aende darasani.

Kikao kilikuwa Alhamisi, kwa hiyo nilikuwa na siku mbili za kuwa mwoga kwa utulivu. Hesabu ilikuwa rahisi. Nikinyamaza, wanafunzi watano wanabaki na wiki sita zinabaki, maana fomu zilikuwa ushahidi mzuri kuliko ukweli wowote ambao ningeupata. Nikisema, vyote viwili vinaweza kwenda. Na hakuna ambaye angegundua. Madaktari wa kamati ile hawakuwa na habari na mlango wa bluu. Nilijiambia mambo mengi ya busara siku hizo mbili. Jambo ambalo sikuweza kulimaliza ni moja: wiki zile nilizipigania ili daktari wa kesho ajue bibi kizee anameza dawa gani, na sasa nilikuwa nazitetea kwa karatasi inayosema hamezi yoyote.

Mwenyekiti wetu ni profesa wa upasuaji, mama kutoka upande wa ziwa, asiyependa maneno mengi. Alifungua kikao akanipa nafasi.

“Haya, tuonyeshe wiki zako sita zimezaa nini.”

“Fomu za Kimulot ni za uongo,” nikasema. “Na kosa ni langu.”

Nilieleza. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Upumbavu wa mtu ukielezwa vizuri hauna kurasa nyingi. Nilipomaliza, mezani upande wa pili mtu akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

“Mwalimu wa Salamu,” Bwana Mifupa akasema, “si wewe ni mtoto wa majani?”

“Ndiyo.”

“Na mimi pia. Mama yangu yuko kwa majani sasa hivi tukiongea hapa. Ile ratiba yako niliiona mwaka jana. Nilicheka peke yangu ofisini hadi katibu akaja kuangalia kama niko salama.”

“Na hukusema?”

“Niseme ili iwe nzuri? Nilikuwa nangoja ianguke.”

Mwenyekiti alivua miwani. “Kwa hiyo mmoja alisahau na mwingine alijua akanyamaza. Sijui nimwonee nani huruma.” Akanigeukia. “Na hao wanafunzi? Sheria unaijua.”

Nikasema kwamba walipelekwa mahali ambapo hakuna mtu, wakaambiwa warudi na majibu, na kwamba wakifukuzwa basi barua ya kwanza iandikwe kwa jina langu. Ilikuwa hotuba nzuri, nadhani, ila katikati nilisimama kunywa maji.

“Hao watoto waachwe,” Bwana Mifupa akasema kabla sijaweka glasi chini. “Mimi nataka wiki. Sitaki watoto.”

Tukajadiliana kwa saa mbili. Mwisho wa yote, wanafunzi watano walipewa barua ya onyo na kuamriwa kurudia ziara zao wakati wa likizo. Wiki tatu zilirudi kwa anatomia. Tatu zilizobaki zilihamishwa kwenda mchana, pale kituoni, ambako watu wanakaa kungoja lori. Kura ilipopigwa ya kukata kazi yangu katikati, niliinua mkono pamoja na wengine. Bwana Mifupa alinisukumia sahani ya mandazi. Nilichukua moja. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona kwamba ni mandazi mazuri.

Likizo ilipofika niliwapeleka mimi mwenyewe. Tulifika kituoni saa nane. Akina mama walikuwa tayari wamekaa juu ya magunia, wengine wanachambua majani makukuu kutoka kwenye machanga, na mama yangu alikuwa katikati yao, viatu vya mpira vimejaa udongo. Walituona, mmoja akapaza sauti, “Leo wamekuja tukiwepo!” Wote wakacheka, na makoti meupe matano yakasimama pale yakichekwa, kama ilivyostahili.

Yule msichana alichuchumaa mbele ya mama. Alimsalimu vizuri, akamwita kogo kama mjukuu anavyopaswa kumwita bibi, akamwambia yeye ni nani, kisha akasema jambo ambalo sikumfundisha.

“Kogo, mara ya kwanza niliandika majibu yako bila kukuuliza. Naomba niulize leo.”

“Uliandika niko na miaka mingapi?”

“Sabini na kitu.”

“Hapo hukukosea sana. Uliza.”

Maji, choo, kuni, yote yalienda haraka. Kisha akauliza kuhusu dawa na maumivu, akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Mama alimtazama, akatazama majirani zake, halafu akanitazama mimi.

“Huyu aende kule,” akasema.

“Mama, mimi ni mwalimu wao.”

“Ndiyo. Nenda kule kwa karani.”

Nilikwenda kwa karani. Kutoka hapo niliwaona wamehamia pembeni, nyuma ya banda la mizani. Mama alizungumza muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza nami kwa simu. Mara moja alinyoosha mikono yake, akaigeuza, na msichana akaishika akagusa kidole kimoja kimoja. Kalamu ilikuwa imewekwa chini kwenye nyasi. Nilijaribu kumwuliza karani habari za kiwanda, naye akajibu, na sikumbuki alichosema.

Lori lilichelewa, kama kawaida yake. Lilipokuja, kila mtu akainuka na gunia lake, na msichana akaniletea fomu. Sehemu ya presha ilikuwa imejazwa, pamoja na jina la dawa. Chini yake, mahali pa maumivu mengine, alikuwa ameandika maneno mawili: Ameomba isiandikwe.

“Alisema nini?” nikauliza.

“Mwalimu, ameomba isiandikwe.”

“Mimi ni mtoto wake.”

“Alisema hasa wewe.” Aliinamisha macho, lakini hakusogea. “Si ya kuogopesha leo. Nimemshauri, amekubali nirudi. Nitarudi Alhamisi nimpime tena, tuzungumze kuhusu kwenda hospitali.”

“Alhamisi saa ngapi?”

“Lori likishaenda.”

Nilimwambia chuo hakina gari siku ya Alhamisi. Akasema anajua.