Barua ya Jirani wa Kitanda

Huku Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Kama umewahi kukaa Ghuba unanielewa. Siku hiyo sisi Wakristo tunapanda mabasi kwenda Abu Hamour, ambako makanisa yote yako ndani ya ukuta mmoja, na kabla ya kuingia tunapanga foleni ya ukaguzi: Wafilipino, Wahindi, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania wachache, kila mtu na mkoba wake mkononi. Katika foleni hiyo, mwaka jana, nilimwona mwanamke mbele yangu akiulizwa jambo na mlinzi. Hakujibu. Mlinzi akarudia. Ndipo yule mwanamke alipogeuza uso wote na kumtegea sikio la kulia, akasema, "Samahani kaka, sema tena."

Sura nilikuwa nimeisahau, maana miaka ishirini na zaidi si mchezo, lakini mgeuko ule wa shingo niliujua. Niliuona ukianza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja bibi aliponipeleka shule ya bweni ya Kiingereza kule milimani. Bibi hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Alikuwa akisema, "Kiingereza ni ufunguo, mjukuu wangu, hata kama mlango wenyewe mimi siujui." Alininunulia tranka la bati la rangi ya buluu, blanketi moja, kandambili na sabuni ya mche aliyoikata vipande kwa uzi ili nisiimalize upesi. Tulipofika getini ukungu ulikuwa mzito hata sikuliona jengo. Nilisikia tu watoto wakiimba kwa Kiingereza, nikadhani nimefika ng'ambo.

Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa mwenye shule. Alikuwa Mtanzania kama wewe na mimi, ila aliwahi kuishi Uingereza, na alirudi na nia ya kutujengea shule kama alizoziona huko. Kwa hiyo tulivaa tai na soksi ndefu, tukagawanywa katika nyumba nne zenye majina ya Kizungu, na kabla ya kula makande yenye wadudu tulisimama nyuma ya viti kushukuru kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kosa. Ukisikika ukisema "naomba maji" unapigwa fimbo za miguu, kisha unanyimwa hayo maji. Kulia pia kulikuwa kosa. Mwalimu mkuu alikuwa na msemo wake kwamba mtoto anayelia anajionea huruma, na anayejionea huruma hafiki popote.

Nikikuambia kwamba kulikuwa na mazuri utashangaa, lakini yalikuwepo. Kulikuwa na miti ya matunda damu nyuma ya jiko, na mpishi mzee aliyejifanya hatuoni tukiyaangua. Kulikuwa na harufu ya moshi wa mkaratusi asubuhi, uji unapochemka kwenye pipa. Na kulikuwa na jirani yangu.

Tulimwita mtu anayelala kitanda cha pembeni "jirani", na neno hilo moja viranja hawakuweza kututoa mdomoni. Jirani yangu alikuwa mwembamba, mcheshi, mtoto wa mwanamke aliyeuza mboga sokoni. Usiku wa baridi tuliunganisha vitanda na kufunikana blanketi mbili. Alinifundisha kuzungusha maji ya kuoga mdomoni kwanza yapate joto kabla ya kuyamwagia shingoni. Ni ujinga, lakini mpaka leo nikioga maji baridi nafanya hivyo.

Kila Jumapili alasiri tuliandika barua nyumbani. Usidhani tuliandika tuliyotaka. Mwalimu wa zamu aliandika barua ubaoni kwa Kiingereza, nasi tukainakili: wazazi wapendwa, mimi ni mzima, nina furaha, chakula ni kizuri, nasoma kwa bidii. Barua za wanafunzi wote zilikuwa moja. Kilichobadilika ni jina la mwisho. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mwalimu mkuu alinichagua niwe msaidizi wa barua. Nilizikusanya, nikahakiki kwamba hakuna aliyeongeza neno, nikazikunja na kuzitia kwenye bahasha. Kwa kazi hiyo nilisamehewa kuchota maji bondeni alfajiri. Huwezi kujua ukubwa wa zawadi hiyo kama hujawahi kuteremka kilima kwa kandambili, umande ukiganda kwenye vifundo, na kukipanda tena na ndoo kichwani.

Muhula wa pili, jirani yangu akaanza kuumwa sikio la kushoto. Usiku alilalia upande huo na kung'ata shuka asisikike. Asubuhi mto ulikuwa na doa. Alikwenda kwa matroni mara mbili. Matroni akamwambia anatafuta sababu ya kukwepa kazi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa peke yangu ofisini na lundo la barua. Nilipoikunjua ya jirani yangu, karatasi ndogo ikaanguka. Ilikuwa imechanwa pembeni mwa daftari la hesabu, na ilikuwa kwa Kiswahili. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, maana sijawahi kuisahau: "Mama, sikio linaniuma siku ya nne leo. Linatoa maji yananuka. Matroni anasema nasingizia. Naomba uje unichukue. Usiwaambie nimekuandikia."

Ningeweza kuitia ndani ya bahasha na kulamba gundi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nilikaa nayo muda, nikasikia wenzangu wakicheza rede nje. Nikawaza: mama yake akija, wataulizana nani alipitisha barua hii. Nikawaza bonde, na ndoo. Nikainuka, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu.

Aliisoma akiwa amesimama. Akanisifu kwa Kiingereza, akanikatia kipande cha mkate, akakipaka jemu nyekundu. Nilikila chote palepale mbele yake.

Jioni hiyo, paredi, jirani yangu aliitwa mbele. Mwalimu mkuu alisema kwamba mwenye nguvu za kuandika uongo ana nguvu za kuchota maji, na kuanzia kesho atachota ya kwake na ya jikoni. Akachota wiki mbili, kwenye ukungu ule, na kitambaa kimefungwa sikioni. Hakuuliza nani aliyemchongea. Usiku wa kwanza alinivutia blanketi kama kawaida, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mwalimu mkuu huwa anazifungua bahasha." Nilijifanya nimelala.

Kabla muhula haujaisha maumivu yakakoma, na yeye akaanza kugeuza shingo. Ukimsemesha upande wa kushoto, anakuzungukia. Watoto wakamtania. Shule ilipofungwa, mama yake alikuja kumchukua. Walipopita getini niliwapungia mkono. Yeye akanipungia, mama yake pia. Hakurudi tena. Mimi nilibaki mpaka darasa la saba, nikafaulu, na ufunguo wa bibi ukanifikisha huku, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, ambako nasimamia mashuka na taulo.

Sasa turudi Abu Hamour. Siku ile nilimfuata ndani, nikakaa safu ya nyuma yake, na ibada ilipoisha nikamwita kwa neno lile moja. Nilikuwa upande wa kulia, akasikia. Akanitazama, akacheka, kisha akalia, tukakumbatiana katikati ya watu hata viatu vikatutoka miguuni.

Ikawa desturi yetu. Yeye anafanya kazi za ndani kwa familia moja Al Thumama. Ni watu wema, wanamruhusu Ijumaa mpaka saa kumi. Mimi nakaa na wenzangu wa kampuni Fereej Bin Mahmoud. Baada ya ibada tunanunua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, tunakaa kwenye ukingo wa zege kivulini, tunaongea habari za nyumbani. Shule tuliitaja kwa kuchekea tu: makande, tai, mpishi. Wiki zikapita. Kila nikitaka kusema, neno linarudi tumboni.

Ijumaa moja akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba bibi mwenye nyumba humkemea akidhani ni jeuri, kumbe amemwita upande usiosikia. Akasema hivyo huku anapuliza chai, kama mtu anayesimulia habari za jirani mwingine. Sikuweza kuvumilia tena.

"Barua yako ni mimi niliipeleka," nilisema.

Akaendelea kupuliza chai. Mabasi yalikuwa yanaunguruma, Wafilipino wanaitana, na mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake.

Akanigeukia. "Umesemaje, jirani? Geukia huku, sijasikia."

Mwenzangu, kusema mara ya kwanza kulinigharimu miaka. Kusema mara ya pili ilibidi nipaze sauti. "Ile barua yako ya Kiswahili. Mwalimu mkuu hakufungua bahasha. Niliiona mimi, nikampelekea mimi."

Mlinzi mmoja Mkenya alikuwa anatukaribia mikono juu. "Madam, songeni kidogo hapo, basi inarivasi."

Tukasimama, tukasonga, tukakaa tena. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

"Niliandika nini?" akauliza.

"Hukumbuki?"

"Niambie niliandika nini."

Nikamsomea kutoka kichwani, neno kwa neno. Nilipofika mwisho akasema, "Niliandika naomba?"

"Uliandika naomba uje unichukue."

Akainamisha kichwa. Kisha akanisimulia kwa sauti isiyo na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alipofika nyumbani na daktari kusema sikio limekufa, mama yake alimuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akajibu kwamba aliandika. Mama akatoa kopo alimotunza barua zote, akampa jirani wa mtaani anayejua Kiingereza azisome moja moja. Zote zilisema mimi ni mzima, nina furaha, chakula ni kizuri. "Mama hakunipiga," alisema. "Aliniambia tu, mwanangu, usinisingizie. Halafu mimi mwenyewe nikaanza kuwa na shaka. Nilikuwa na homa siku zile. Nikadhani barua ile niliiota. Nimekua nikidhani niliiota."

"Mama yuko wapi sasa?" niliuliza, na nilijua jibu kabla hajafungua mdomo.

"Tumemzika mwaka juzi. Niliona mazishi kwenye simu, nimekaa jikoni kwa watu." Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwambie. "Umechelewa, jirani."

Nilitaka kupiga magoti palepale kwenye zege. Akanizuia kwa mkono. Akatoa simu yake, akatafuta jina la dada yake mkubwa, akabonyeza pa kurekodi na kunisogezea mdomoni. "Mwambie," akasema. "Mwambie kwamba niliandika. Na useme taratibu, dada yangu ni mtu mzima."

Nikasema. Nilijitambulisha, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza karatasi ilivyokuwa, nani aliyeiokota, nani aliyepewa mkate. Sikujitetea kwamba nilikuwa mtoto, ingawa neno hilo lilinijia ulimini. Alichukua simu, akaisikiliza sauti yangu kwa sikio la kulia mpaka mwisho, akaituma. Kisha akaenda kupanda basi.

Ijumaa mbili sikumwona. Ya tatu alikuja, akakaa safu ya mbele, hakugeuka. Ya nne nilikuta amenunua chai mbili. Hatukuizungumza tena habari ile, isipokuwa siku moja aliniambia dada yake amejibu. Sauti yenyewe hakunisikilizisha, nami sikuomba. Alisema tu kwamba dada alikwenda kaburini na kumsomea mama maneno ya barua ile. Sijui kama hiyo ni heri au ni maneno ya kujifariji. Mkataba wake ulipokwisha, miezi michache iliyopita, alirudi nyumbani moja kwa moja. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na begi lake la gurudumu bovu. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Baki salama, jirani," akaenda.

Shule ilifungwa zamani. Mtu wa kwetu alinitumia picha: mabweni yamekuwa ghala la viazi, na miti ya matunda damu imekatwa. Mwalimu mkuu ni marehemu, matroni hajulikani aliko, bibi yangu pia ametangulia, hakuwahi kujua mlango ule ulikuwaje ndani. Katika kundi la simu la tuliosoma pale, watu wanaandika kwamba fimbo zile ndizo zilizotufanya watu, wanaweka vicheko na picha za tai. Mimi husoma, siandiki kitu.

Ijumaa bado nakwenda Abu Hamour. Nakaa kwenye ukingo uleule na kikombe kimoja, na maneno yale ya mtoto huja yenyewe, kwa mwandiko wake wa kalamu ya risasi. Ninayakumbuka yote. Lakini yaliandikwa kwa mama mmoja tu, naye hayupo, na mimi ndiye niliyebaki nayo mkononi.